Wakia Ishirini na Sita za Mtindi

Kwetu Tanga, bomba ukilifungua, kwanza unasikiliza. Likikoroma, maji yako njiani. Likinyamaza, beba ndoo ukamwamkie mwenye kisima. Kwa hiyo siku niliposhika mkono wa mashine ya mtindi mjini Houston, nikauvuta chini, nikaisikia inakoroma, moyo wangu ulitulia. Jambo moja tu sikulijua: mashine zile hazina mgao.

Mtindi ulishuka mnene kama mkia wa kondoo, ukajikunja ndani ya kikombe, kisha ukajikunja juu ya mkunjo wake. Nikauachia mkono nikisubiri ukatike wenyewe. Wapi! Ulipofika ukingoni mwa kikombe nikakiondoa upesi, nikakinga kikombe kidogo cha kuonjea. Kikajaa. Nikakinga kingine. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya maji haachi kitu kinachotiririka kiende chini bure, hata kama si chake. Nilikuwa kwenye kikombe cha sita, vile vitano nimeshavipanga pembeni kama vya muuza kahawa, mjukuu wangu wa miaka minane alipokuja, akanyoosha kidole kimoja, akausukuma ule mkono juu. Kimya.

"Babu, unasukuma tu," akasema.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa Kimarekani na wanawe wawili, wanasubiri zamu yao kwa adabu. Kwa kuwa nilikuwa na vikombe sita na aibu moja, nikamkaribisha kimoja. Akapokea. Wanawe nao wakapokea. Nikabaki na vitatu na aibu yangu ileile.

Nieleze nilifikaje pale. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hisabati na sayansi shule za msingi kwa miaka 34. Agosti 2019 binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Texas, alinikatia tiketi nikapumzike kwake. Majirani walijua naenda Ulaya, kwa maana ya kwamba nchi yoyote inayofikiwa kwa ndege mbili ni Ulaya, na Ulaya ni baridi, kwa hiyo waliniazima sweta tatu. Nikashuka Houston kwenye joto la nyuzi 38, na unyevu kama wa nyumbani unapoepua sufuria ya wali. Lakini sweta hazikwenda bure. Nilizivaa ndani. Wenzetu wale joto la nje wanalilipiza ndani ya nyumba, na duka lolote unaloingia lina baridi ya Lushoto mwezi wa Julai. Kwa mwezi mzima nilikuwa mtu wa kuvaa sweta mlangoni na kuivua barabarani.

Jumamosi ya pili mjukuu akatangaza kwamba babu hajaenda mahali fulani. Mama yake akanitafsiria: "Baba, kuna duka la mtindi wa barafu. Unajipakulia mwenyewe."

Mtindi naujua. Nimeunywa kwenye kibuyu, nimeunywa kwenye bilauri, nimeumimina juu ya ugali, na tangu kiwanda cha hapa Tanga kianze kuutia kwenye mifuko, nimeukata kwa meno pembeni mwa mfuko nikiwa nimesimama stendi. Neno lililonishtua ni lile la pili. Kujipakulia.

Mama yangu alikuwa na upawa wa kifuu cha nazi, na upawa ule haukuwa na naibu. Mtoto kuugusa ilikuwa sawa na kugusa mshahara wa baba. Alikaa kwenye kibao chake kando ya chungu, akatutazama mmoja mmoja, akapakua. Alijua tumbo la kila mtu kuliko mwenye tumbo. Ukisema bado, anakuongezea nusu. Ukisema bado tena, anakwambia kanywe maji. Nimekua, nimeoa, na upawa umehamia kwa mke wangu, nami kwenye chungu sijawahi kuwa na mamlaka yoyote. Mahali pekee ninapojipakulia ni harusini, kwenye bufee, na hata huko mjuzi anajua utaratibu: wali unajipakulia, kachumbari unajipakulia, ndizi unajipakulia, lakini ukifika kwenye nyama unakuta kijana amesimama na koleo, hacheki, hazungumzi. Kipande kimoja. Ukimkazia macho sana, kimoja na mfupa. Taifa zima linafahamu kwamba binadamu ni mwema mpaka afike kwenye sinia la nyama.

Sasa naambiwa kuna duka lisilo na kijana wa koleo.

Njiani aliendesha mkwe wangu, aliyesomea biashara hukohuko, na akanipa historia. Kampuni mojawapo iliyoufanya mtindi wa barafu ujulikane sana Marekani, alisema, ilianzia Little Rock, Arkansas, mwaka 1981, ikajiita TCBY. Herufi hizo mwanzoni zilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya "Huu hauwezi kuwa mtindi." Kumbe kulikuwa na kampuni nyingine yenye jina linalokaribiana na hilo, ikawapeleka mahakamani. Basi wenyewe wakabakiza herufi wakabadilisha maneno: zikawa "Mtindi bora nchini." Nilicheka mpaka nikavua sweta. Kutoka kuwa kitu kisichoweza kuwa mtindi hadi kuwa mtindi bora nchini, na maziwa hayajaguswa! Mkwe akaendelea: wimbi la pili likaja na Pinkberry, iliyofunguliwa West Hollywood mwaka 2005, safari hii wakiuza uchachu wenyewe bila kuuficha, watu wakapanga foleni barabarani. Halafu wakazuka wenye akili zaidi, wakaona kwa nini wamlipe mtu wa kupakua wakati mteja ana mikono.

Tulipofika, mkwe akasema ana simu ya kazi, yeye atabaki kwenye gari. Wakati ule nilimwona kijana mchapakazi.

Ndani palikuwa safi kuliko zahanati. Kuta za rangi ya limau, muziki wa chini chini, na ukuta mmoja umejaa mashine zilizozamishwa ndani yake, vichwa tu ndivyo vinavyoonekana. Kila mashine ina mikono mitatu: wa kushoto ladha yake, wa kulia ladha yake, na wa katikati unazichanganya mbili. Kwa bahati mfanyakazi mmoja alikuwa amefungua kifuniko cha juu anamimina maziwa mapya, nikachungulia kwa macho ya mwalimu wa sayansi. Jambo lenyewe si gumu. Chini ya lile pipa kuna silinda ya baridi kali, na ndani yake visu vinazunguka vikikwangua mtindi unaogandia ukutani kabla haujawa jiwe, huku hewa ikiingizwa ndani yake. Bila hewa ungekula tofali. Wanaouza aiskrimu kwa kijiko, kwa ujazo, hewa ni faida yao. Unalipia na mapovu. Lakini hapa wanauza kwa uzito, na hewa kwenye mizani haionekani. Nikamwambia binti yangu: hawa ni watu waaminifu. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa.

Vikombe vilikuwa vya aina mbili, kikubwa na kikubwa zaidi. Kile walichokiita kidogo kingetosha maji ya kunawia wageni wawili. Sikutaka kuonekana mroho, nikachukua hicho.

Kuonja ni bure. Nilianza na ule mweupe usio na chochote, na nakiri nilifumba macho. Ulikuwa mtindi! Mtindi kabisa, uchachu wa siku ya pili, umepozwa tu mpaka umepoteza fahamu. Wakenya wanauita maziwa lala, wanakatisha wanasema mala, na nadhani hawajui walivyopatia. Wale vijidudu wanaochachusha maziwa hawafi wote kwa baridi. Wengi wanasinzia, wakifika tumboni kwenye joto wanaamka. Nilikuwa nakunywa maziwa yaliyolala kwelikweli. Hapo ndipo nilipouvuta ule mkono kwa furaha, na yaliyofuata nimeshayasimulia.

Baada ya aibu ile mtu mwenye busara angeelekea kaunta. Mimi nilikuwa na kikombe kilichojaa na nilijiambia kilichobaki ni mapambo tu. Lakini jirani ya mashine ya kwanza palikuwa na nyingine inayotoa kitu cha zambarau, nikamuuliza mjukuu ni nini. Akasoma: taro. Sikuelewa. Mama yake akatafuta kwenye simu, akaanza kucheka kabla hajanijibu. Magimbi.

Nimekula magimbi ya kuchemsha, ya nazi, ya kuungua, na yale ya mwaka wa njaa ambayo hayakuiva vizuri yakatuwasha koo siku mbili. Nimeyakimbia magimbi maisha yangu yote ya utu uzima. Nimevuka Atlantiki, na yamenitangulia, yamevaa zambarau. Nikaona itakuwa ni kumdharau mwenzangu wa safari nisipomwonja, nikamwekea nafasi juu ya ule mlima mweupe. Safari hii nilisukuma mkono juu kwa wakati, mjukuu akanipigia makofi, na mimi, mtu mzima wa miaka 63, nikafurahia.

Kisha ukaja ule upande wa vikorombwezo. Meza ndefu ya kioo, mabakuli zaidi ya 40, kila moja na kijiko chake. Biskuti nyeusi zilizosagwa. Chokoleti za rangi. Karanga. Dubu wadogo wa jeli, ambao binti yangu alinizuia mkono kabla sijawagusa: "Baba, hao wana jelatini, hatujui ya mnyama gani." Nikawasamehe dubu. Pembeni yao palikuwa na vidonge mviringo vya rangi ya chungwa vinavyoelea kwenye maji yake, nikadhani mayai ya samaki, nikashangaa wenzetu walivyo jasiri. Nilichota viwili kwa tahadhari. Kimoja kilipasuka mdomoni, kikanirushia maji ya embe kooni, nikakohoa hadi mfanyakazi akaja na bilauri ya maji.

Lakini kilichonisimamisha hasa ni bakuli la kumi na kitu. Lilikuwa limejaa machicha ya nazi. Sitanii. Meupe, makavu, yamechanwa vizuri, yale yale ambayo mke wangu akishakamua tui anayatupia kuku, na kuku wenyewe siku hizi wanachagua. Nikachota vijiko vitatu kwa uzalendo. Kisha stroberi, kwa sababu kwetu ni tunda la kwenye picha ya jamu. Kisha vipande vya embe, ili nione kama embe lao linajua linachokifanya. Halijui. Kisha karanga, kwa ajili ya nguvu. Kisha kulikuwa na chupa ya kubonyeza yenye karameli, na kila kitu cha kubonyeza kwangu ni mtihani.

Wakati huo wote mjukuu alikuwa upande wa pili anafanya kazi yake kimya, na ni baadaye tu nilipogundua kwamba nilikuwa namtazama fundi. Mtindi aliuzungushia ukutani mwa kikombe, katikati akaacha tundu. Matunda hakuyagusa kabisa. Juu alifunika kwa zile nafaka za kunywea chai asubuhi, zilizofurishwa mpaka zimebaki ganda na hewa. Kikombe chake kilionekana kimejaa kama changu. Nilimwonea huruma, nikamwambia aongeze stroberi. "Babu," akaninong'oneza, "tunda ni zito."

Kule kaunta hapakuwa na kijana wa koleo. Palikuwa na mizani.

Hapa naomba msomaji anivumilie kama wanafunzi wangu walivyonivumilia, kwani hesabu ndiyo fani yangu. Nilipokuwa darasa la pili tulikuwa bado tunaimba: wakia kumi na sita, ratili moja. Kisha zikaja gramu na kilo, ratili na wakia zikastaafu kabla yangu, nami nikatumia miaka 34 kuwafundisha watoto wa Tanga kwamba kipimo ni gramu. Wakia nilidhani imekufa. Kumbe ilihamia Marekani, inauza mtindi. Bei iliandikwa ukutani kwa herufi za kirafiki: senti 65 kwa wakia. Senti 65! Mtu akiingia anaona senti, hamwoni ndugu yake ratili amejificha nyuma ya mlango. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wanamfikiria maskini mwenye subira. Hawakumfikiria mwenye duka.

Kikombe cha mjukuu: wakia 5. Cha mama yake: wakia 6. Changu kilipowekwa, tarakimu zilipanda, zikasita, zikapanda tena, zikatua kwenye 26. Ratili moja na wakia kumi. Gramu 737. Karibu robo tatu ya kilo ya mtindi, magimbi, machicha na kiburi.

Dola 16 na senti 90, kikombe kimoja. Shilingi siku zile ilikuwa kama 2,300 kwa dola. Mke wangu nyumbani anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwenye vifuko, shilingi 100 kimoja, kutoka kwenye friza iliyo ukumbini kwetu. Nilipiga hesabu papo hapo: barafu 388. Friza yake haijawahi kubeba barafu 388.

Basi nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikamgeukia binti yangu, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, maana nani angeelewa: "Mwambie apunguze kidogo, mimi mteja mgeni. Na muulize kama mizani imetoa uzito wa kikombe, tusije tukawa tunanunua karatasi. Kwetu Wakala wa Vipimo wangeshafika hapa zamani. Hao wa mizani nawajua mimi."

Msichana wa kaunta hakuinua macho. "Papa," akasema, "hii balansi haidanganyake mutu."

Wakongo wengi wamehamia Houston, na huyu alikuwa mmoja wao, mzaliwa wa Bukavu. Alikuwa amesikia kila kitu. Alisikia niliposema magimbi yamenifuata. Alisikia hadithi ya kuku na machicha. Nadhani alisikia hata nilipojadiliana na mashine. Nikatafuta pa kuuficha uso, sweta ikawa haina kofia. Nikamwomba radhi, akacheka, akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za Tanzania, akaeleza kwamba kikombe kimeshatolewa uzito na vile vitatu vya kuonja hahesabu. Jumla ya vikombe vyetu ilikuwa dola 24 na senti 5, na kodi juu yake dola 1 na senti 98, kwa kuwa Marekani bei ya ukutani si bei ya kaunta. Dola 26 na senti 3. Binti yangu akalipa bila kusema neno, kama mtu aliyelijua jibu kabla ya swali.

Nilikuwa nimekwisha kupewa risiti, kikombe kimeshuka kwenye mizani, yule msichana alipofungua chombo kidogo nyuma yake, akachagua stroberi moja kubwa, akaiweka juu ya mlima wangu. "Matabishi, Papa."

Kwetu tunaita nyongeza. Muuza nyanya anapima fungu, halafu anatupia moja juu, na hiyo moja ndiyo inayokufanya urudi kesho. Sikutegemea kuikuta mahali ambapo hata uzito wa stroberi una senti zake. Nilimshukuru mara tatu.

Tukakaa. Nilikula kwa mwendo wa mtu anayelipia mafuta: kila kijiko nilikijua bei. Kijiko cha nne kichwa kikanishika katikati ya macho kama nimepigwa na embe. Mjukuu akanifundisha kusukuma ulimi juu ya kaakaa, maumivu yakapungua, nami nikaendelea. Mtindi mweupe ulikuwa mzuri hadi mwisho. Magimbi yalikuwa na utamu wa biskuti. Hayakuwa na gimbi hata moja ndani yake, nami kwa mara ya kwanza maishani nikayatetea, nikasema gimbi halisi lisingekubali kufanyiwa hivi. Chini, yote yaliyeyuka, yakawa maji ya zambarau yenye machicha yanayoelea, na hapo nikakumbuka kuku wangu kwa heshima mpya. Kikombe kilikuwa bado nusu.

Mkwe wangu akaingia. Simu ya kazi ilikuwa imekwisha, kwa wakati mzuri ajabu. Alikuwa na kijiko chake mwenyewe, cha chuma, ametoka nacho kwenye gari. Akakaa mbele yangu, akauliza kwa upole, "Baba, umeshiba?" Ikanijia kwamba kijana huyu hajawahi kununua kikombe cha mtindi tangu alipooa.

"Haya, Babu," mjukuu akasema, "unatoa nyota ngapi?" Kwao kila kitu kinapewa nyota, hadi dereva, hadi daktari. Nikamwambia nyota ni za mbinguni. Mwalimu anatoa alama. Nikachomoa kalamu nyekundu, ambayo haijatoka mfukoni mwangu tangu 1982, nikageuza risiti.

Usafi nilitoa 20 kwa 20, kwani nilikuwa nimekagua hadi chooni. Huduma 16, nilikata nne kwa kuniacha nikinge vikombe sita bila mtu kunikemea. Mashine 13, kwa kutojua kujizima, ingawa mjukuu alisema zimetengenezwa kwa watu wenye mikono. Mtindi wenyewe ulinipa taabu. Ule mweupe peke yake ungepata 15, lakini mtahiniwa huyu alikaa chumba kimoja cha mtihani na magimbi, nikampa 8. Bei 4, na hizo nne ni za mwandiko. Jumla 61. Kwa viwango vya kidato cha nne, hiyo ni C.

"Baba," binti yangu akasema, "na ile stroberi?"

Kweli nilikuwa nimeisahau. Nikatazama kaunta, yule msichana alikuwa anamwelekeza mzee mwingine, Mmarekani huyu, jinsi ya kusukuma mkono juu. Nikaongeza alama 4 pembeni, nikaandika "matabishi", nikaizungushia 65 duara. B. Nikampelekea risiti. Akaisoma, akaibandika ukutani nyuma yake kwa gundi ya karatasi, juu ya tangazo la bei.

Niliondoka Houston na sweta tatu na vile vikombe vitatu vya kuonja, nimeviosha na kuvipanga kimoja ndani ya kingine kwenye soksi. Mke wangu alivipokea bila swali. Alichouliza, baada ya kunisikiliza hadithi yote, ni hiki: "Yaani mtu anafungua, anajipakulia, hakuna anayemtazama?" Nikasema ndiyo. Akanitaka nirudie pale pa "hakuna anayemtazama." Nikarudia. Akaenda kuangalia friza yake kama imefungwa.

Kikombe kimoja sasa ndicho anachopimia sukari ya barafu. Mjukuu alimsimulia bibi yake utaratibu wote kwa simu, na kwa kuwa simu ile ilikuwa imewekwa sauti ya juu, habari ilifika mtaani. Juzi mtoto wa jirani alisimama mlangoni na shilingi mia mkononi, akauliza kama leo anaweza kufungua friza mwenyewe. Mke wangu hakumjibu. Alimtazama tu, kama mama yangu alivyokuwa akitutazama. Mtoto akanyoosha mkono, akapokea ya ukwaju, akasema asante, akaenda zake.